Sayansi ya Mafuta na Maji Yaelezeka kwa Kiswahili

Watu wawili wasiopatana husemwa kuwa ni kama mafuta na maji. Msemo huu umezoeleka katika siasa, mahubiri na mazungumzo ya barazani hata hatuoni tena haja ya kuuliza kama ni wa kweli. Lakini mpishi yeyote wa Lamu au Mombasa anaweza kuupinga bila kuondoka jikoni. Tui la nazi ni mafuta na maji katika chombo kimoja. Maziwa tunayotia katika chai ni mafuta na maji vilevile. Vitu hivi viwili, ambavyo kila mmoja wetu hufundishwa tangu utotoni kwamba havipatani, hukaa pamoja kwa muda mrefu pindi masharti fulani yakitimizwa. Masharti hayo ndiyo ninayotaka kuyazungumzia leo. Yamewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 100, na katika miaka ishirini hivi iliyopita yamezaa uvumbuzi ambao mwanafunzi wa Kenya anastahili kuufahamu, tena aufahamu kwa lugha anayoimudu.

Yamkini msomaji atashangaa mwanaisimu anatafuta nini katika uwanja wa wanakemia. Nimeingia humo kwa mlango wa lugha. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na desturi ya kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hasa wale waliofaulu vyema kemia katika shule ya upili, maana ya emalsheni. Aghalabu jibu huja upesi na kwa Kiingereza sanifu, neno kwa neno kama lilivyo kitabuni. Nikiuliza swali la pili, yaani kwa nini tui hukatika likichemshwa kwa moto mkali, wengi hunyamaza. Wengine hucheka, kana kwamba nimetoka nje ya mada. Hawajui kwamba maswali hayo mawili ni swali moja. Ufafanuzi wa emalsheni wameuhifadhi, ila emalsheni yenyewe, ambayo wamekula wali wake tangu wakiwa watoto, hawaitambui.

Tumezoea kuambiwa kwamba chanzo cha hali hii ni uchache wa istilahi: eti Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Mimi nina maoni tofauti. Kinachotupungukia ni majina, na majina hukopwa kwa urahisi. Vitenzi tunavyo, na uelewa wa jambo la kisayansi hukaa zaidi katika vitenzi kuliko katika majina. Ili dai hilo lisibaki maneno matupu, sina budi kulieleza jambo lenyewe kwanza.

Kisa cha kijiko kimoja cha mafuta

Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kubwa kuliko zinavyovutana na molekuli za mafuta. Kwa hiyo mahali vimiminika hivi viwili vinapokutana pana mvutano, na kila sentimita ya mpaka baina yao ina gharama yake ya nishati. Maumbile hupendelea gharama ndogo. Ndiyo maana matone ya mafuta yakikutana huungana yakawa tone moja kubwa, kwa kuwa tone kubwa moja lina mpaka mdogo kuliko matone madogo mengi yenye ujazo uleule.

Tupige hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuihakiki. Chukua kijiko kimoja cha mafuta, mililita 5. Yakiwa tone moja la mviringo, eneo la uso wake ni sentimita 14 hivi za mraba, sawa na kipande kidogo cha karatasi. Sasa yagawe yawe matone yenye kipenyo cha maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Eneo la nyuso zote zikijumlishwa litakuwa mita 30 za mraba, sawa na sakafu ya chumba cha mita 5 kwa mita 6. Mpaka umeongezeka zaidi ya mara 20,000, ilhali mafuta ni yale yale ya kijiko kimoja. Huwezi kuutandaza mpaka mkubwa kiasi hicho kisha ukatarajia utulie bila msaada. Ukitikisa chupa yenye maji na mafuta matupu, matone hutokea, lakini baada ya dakika chache vimiminika vimekwisha kutengana.

Msaada unaojulikana sana ni sabuni na jamaa zake. Molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, nayo husimama mpakani ikipunguza mvutano. Kiini cha yai kina lesithini na protini zinazofanya kazi ya namna hiyo, na ndizo zinazouwezesha mchuzi wa mayonezi kusimama. Katika tui, kazi hiyo hufanywa kwa kiasi kikubwa na protini za nazi yenyewe, ambazo huyafunika matone ya mafuta mara tu nazi iliyokunwa kwa mbuzi inapokamuliwa katika kifumbu. Moto mkali huharibu umbo la protini hizo, zikashikana madonge na kuyaacha matone bila kinga. Matone hugongana, huungana, na mafuta huelea juu. Ndiyo sababu mpishi stadi hulitia tui zito mwishoni, akapunguza moto na kukoroga bila kukoma. Mwenye kupika mafuta ya nazi naye hufanya kinyume chake kwa makusudi: hulichemsha tui mpaka likatike, kwa sababu yeye anayataka mafuta. Sayansi ni moja; tofauti iko katika haja ya kila mmoja.

Chembe zinazokaa mpakani

Mnamo 1903 Mwingereza Walter Ramsden alieleza kwamba si lazima msaidizi awe sabuni. Vipande vidogo vya kitu kigumu vyaweza kujikusanya katika uso wa kimiminika na kuyazuia matone yasiungane. Miaka minne baadaye, mnamo 1907, Spencer Pickering alichapisha uchunguzi mrefu zaidi kuhusu jambo hilo. Pickering alikuwa akifanya majaribio ya kilimo cha matunda katika shamba la Woburn huko Uingereza, na alihitaji dawa za kunyunyizia miti ambazo ndani yake mafuta na maji yangekaa pamoja bila kutengana. Emalsheni za namna hii sasa huitwa kwa jina la Pickering, ingawa Ramsden alitangulia. Sisi wa taaluma ya lugha hatushangai. Majina ya vitu hayagawiwi kwa haki kila mara.

Chembe hizi hufanyaje kazi? Hazihitaji kuwa na pande mbili kama molekuli ya sabuni. Inatosha kwamba vimiminika vyote viwili vyaweza kuilowesha chembe kwa kiasi fulani. Chembe inayopenda maji kupita kiasi huzama ndani ya maji, na inayopenda mafuta kupita kiasi huzama ndani ya mafuta. Zote mbili huwa hazina faida. Chembe yenye manufaa ni ile iliyo kati. Hiyo hukaa mpakani, sehemu yake moja ikiwa majini na nyingine mafutani, na mahali ilipokaa huwa imefuta kipande cha mpaka ambacho kingegharimu nishati. Ili uiondoe, sharti ulipe gharama ya kukirudisha kipande hicho. Kimiminika kinachoilowesha chembe zaidi ndicho huwa cha nje, na kile kingine huwa matone ndani yake.

Gharama ya kuiondoa chembe ni kubwa ajabu ukilinganisha na udogo wake. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe yenye nusu kipenyo cha nanomita 10 ikikaa barabara baina ya maji na mafuta, nishati inayotakiwa kuing'oa huweza kuzidi mara elfu kadhaa ile nishati ya mtikisiko wa kawaida wa molekuli katika joto la chumbani. Molekuli ya sabuni huja na kuondoka. Chembe ikishakaa haiondoki. Nishati hiyo hutegemea mraba wa nusu kipenyo. Chembe ikipunguzwa mara 10, nishati ya kuishikilia hupungua mara 100, na zile ndogo mno huweza kutikiswa zikaondoka. Udogo nao, basi, una kipimo chake.

Mfano ulio karibu nasi ni maziwa ya pakiti. Mnamo 1899 Mfaransa Auguste Gaulin alipata hataza ya mashine inayoyasukuma maziwa kwa shinikizo kubwa kupitia tundu jembamba. Matone ya mafuta, ambayo katika maziwa ya kawaida yana kipenyo cha maikromita tatu au nne hivi, hupasuliwa yakawa chini ya maikromita 1. Mpaka unapoongezeka ghafla kiasi hicho, utando wa asili wa matone hautoshi tena kuufunika. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu kubwa na kaseini, protini ya maziwa iliyo katika vifurushi vyenye ukubwa wa nanomita mia moja na kitu. Maziwa hayo hayatoi malai juu kama yale yaliyokamuliwa na kulazwa usiku kucha. Kila asubuhi maelfu ya wanafunzi hunywa chai iliyotiwa kazi ya chembe za mpakani, na neno la kazi hiyo limechapishwa kwenye pakiti, lakini hakuna anayewaambia maana yake.

Kutoka matone hadi mapango

Kufikia hapo tumezungumzia matone tu: kimiminika kimoja kimegawanyika, kingine kimekizunguka. Mnamo 2005 Kevin Stratford, Michael Cates na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, walitangaza katika jarida la Science matokeo ya hesabu walizofanya kwa kompyuta. Walibashiri kwamba chembe zaweza kuvishikilia vimiminika viwili katika umbo lisilo la matone kabisa. Kila kimoja kingekuwa kama mtandao wa mapango yaliyounganika kutoka upande mmoja wa chombo hadi wa pili, na mapango ya maji yangepitana na mapango ya mafuta kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Umbo hilo walilipa jina la bijeli.

Miaka miwili baadaye, 2007, Eva Herzig, Paul Clegg na wenzao wa chuo hicho hicho waliitengeneza bijeli maabarani na kuitangaza katika jarida la Nature Materials. Njia yao inafahamika kwa urahisi ikielezwa kwa hatua. Walichukua maji na kimiminika kiitwacho lutidini. Vimiminika hivi viwili vina tabia ya ajabu: katika joto la kawaida huchangamana kabisa, lakini vikipashwa joto na kupita nyuzi 34 hivi za selsiasi hutengana. Ndani ya mchanganyiko huo walitia chembe za silika, dutu iliyo pia katika mchanga wa ufuoni, zikiwa zimetayarishwa hata zisipendelee upande wowote. Kisha walipasha joto kwa haraka. Vimiminika vilipoanza kutengana, mapango yalijitokeza kila mahali kwa wakati mmoja, na chembe zikanaswa mpakani. Kwa kawaida mapango hayo yangeendelea kupanuka na kupungua idadi mpaka pabaki tabaka mbili, moja juu ya nyingine. Lakini mpaka ulipozidi kusinyaa, chembe zilizokuwa juu yake zilisogeleana hadi zikakosa nafasi, mithili ya abiria wa matatu jioni ya mwisho wa mwezi. Mpaka haukuweza kusinyaa zaidi, na umbo likabaki lilivyo.

Tangu hapo njia zimeongezeka. Mnamo 2015 Martin Haase, Kathleen Stebe na Daeyeon Lee wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba joto si lazima. Waliyachanganya mafuta, maji na chembe za silika kwa msaada wa ethanoli, ambayo hupatana na pande zote mbili, kisha wakaupitisha mchanganyiko huo ndani ya maji kama uzi. Ethanoli ilipotorokea majini, vimiminika vilivyobaki vilitengana na kunaswa na chembe palepale, zikapatikana nyuzi na tando zenye mapango ndani yake. Mnamo 2018 watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, walipiga chapa mirija ya maji ndani ya mafuta ya silikoni, yenye kipenyo kati ya maikromita 10 na milimita 1. Katika maji mlikuwa na chembe za dhahabu zenye ukubwa wa nanomita, na katika mafuta mlikuwa na polima zinazozinasa chembe hizo papo hapo mpakani. Maji, yaliyokuwa yamezoea kufuata umbo la chombo, yakapewa umbo lake yenyewe.

Faida inayotarajiwa ni nini? Mambo mengi ya kemia hutendeka mpakani, mahali ambapo dutu iliyoyeyushwa katika maji hukutana na iliyoyeyushwa katika mafuta. Bijeli hutoa mpaka mpana mno katika nafasi ndogo, na kila upande una njia yake ya kuingilia na kutokea. Pia upande mmoja waweza kugandishwa ukawa kitu kigumu na ule mwingine kuondolewa, pakabaki chujio lenye vitundu vilivyounganika. Kazi hizi kwa sehemu kubwa zingali katika maabara, wala sidai kwamba kesho zitafika sokoni Kongowea au Gikomba. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi aliyefuatana nami hadi hapa ameelewa mambo ambayo vitabu vya chuo kikuu huyaeleza kwa Kiingereza kizito, na hakuhitaji kuacha Kiswahili ili ayaelewe.

Vitenzi vilivyofanya kazi

Turudi sasa kwenye lugha. Msomaji akiyapitia upya maelezo yaliyotangulia ataona kwamba majina mengi ya kitaaluma yaliyotumika yamekopwa: emalsheni, molekuli, protini, kaseini, silika, lutidini, bijeli. Sioni aibu yoyote. Kiingereza nacho kimeyakopa mengi kati ya hayo kutoka Kilatini na Kigiriki. Lakini vitenzi vilivyoeleza kile hasa kinachotendeka si vya kukopa. Matone huelea, hushikana, huungana. Mwishowe emalsheni hukatika. Vitabu vya kemia huziweka hatua hizo nne mbalimbali na kuwataka wanafunzi wazitofautishe katika mtihani. Malai yaliyoelea yanaweza kukorogwa yakarudi yalikokuwa. Matone yaliyoshikana bado ni matone, kila moja na mpaka wake. Yaliyoungana hayarudi. Mpishi anazijua tofauti hizo. Mwanafunzi wa kemia huzisoma kana kwamba ni habari kutoka mwezini.

Au tutazame maziwa. Husemwa kuwa yamechacha, yameganda au yamekatika, na hayo ni matukio matatu. La kwanza lahusu vijidudu na asidi. La pili lahusu protini kushikamana kuwa kitu kimoja laini. La tatu ni madonge kujitenga na maji, jambo linalotokea ukiyachemsha maziwa yaliyokwisha kuanza kuchacha. Tuna pia kusukasuka maziwa katika kibuyu mpaka siagi itoke, ambako ni kuigonganisha emalsheni kwa makusudi hadi matone yake yaungane. Kila kitenzi kati ya hivyo ni mlango wa somo zima.

Kuna jambo la ndani zaidi, ambalo walimu wenzangu wa Kiswahili hulifundisha kila muhula bila kulipeleka nje ya sarufi. Tunawafundisha wanafunzi kauli za vitenzi. Tunawaambia kwamba shika huzaa shikama, na shikama huzaa shikamana. Kwamba songa huzaa songama na songamana, ganda huzaa gandama na gandamana. Kiambishi -am- huleta maana ya kukaa katika hali fulani, nacho -an- huleta maana ya kutendeana. Kwa hiyo kusongamana ni kuwa katika hali ya kubanana, kila mmoja na mwenzake, na kubaki hivyo. Sijui maelezo mafupi kuliko hayo ya kile kinachozitokea chembe katika bijeli. Hazikuunganishwa kwa gundi. Zimesongamana mpakani, na kusongamana kwao ndiko kunakouzuia mpaka usisinyae. Vivyo hivyo tofauti baina ya changanya, changanyika na changamana yaweza kumsaidia mwanafunzi kuyapambanua mambo anayoyakanganya. Mimi naweza kuyachanganya mafuta na maji kwa kutikisa chupa. Hayatachangamana. Sukari na maji huchangamana.

Sisemi kwamba lugha yetu imekamilika. Mathalan, watu husema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka katika chai, ilhali hayo ni mambo mawili. Barafu imepata joto ikageuka kimiminika. Sukari imesambaa ndani ya maji. Wanaistilahi wamependekeza kumumunyika kwa hilo la pili, na mmumunyo kwa kile kinachopatikana, lakini wengine hutumia myeyusho. Kutofautiana huku kwahitaji kumalizwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990, na kazi hiyo ni msingi mwema. Msingi pekee, hata hivyo, haumkingi mtu na mvua. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa darasani, si kwa kuhifadhiwa katika kamusi.

Pingamizi na pendekezo

Najua nitakavyojibiwa. Mzazi atasema: mtihani wa kemia hufanywa kwa Kiingereza, basi Kiswahili kitamfaa nini mwanangu? Hilo ni swali la haki, wala silidharau. Jibu langu ni kwamba sipendekezi mtihani ubadilishwe kesho. Napendekeza mwanafunzi afike kwenye Kiingereza akiwa tayari anaelewa kile anachokitaja. Aliyeona tui likikatika, akaeleza kwa kinywa chake kwa nini limekatika, hatapata taabu kuhifadhi jina la kigeni la tukio hilo. Aliyeanza na jina ndiye anayebaki na jina tupu, na mtihani ukiisha hata jina humtoka. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Itakuwa hasara kubwa ikiwa lugha rasmi ya nchi itakoma kwenye mlango wa maabara ya shule.

Wapo pia wenzangu katika taaluma ya lugha wanaotaka kila istilahi iundwe upya kwa mizizi ya Kibantu kabla ya somo lolote kufundishwa. Nawaheshimu, lakini njia yao itatuchelewesha. Tukingoja tupate neno letu la emalsheni linaloridhisha kila kamati, vizazi kadhaa vitapita vikikariri. Tukope jina, tulivalishe sauti zetu, kisha tuliweke katika sentensi inayoongozwa na kitenzi cha Kiswahili.

Kwa walimu nina pendekezo lisilohitaji fedha wala waraka kutoka wizarani. Mwalimu wa kemia na mwalimu wa Kiswahili wa shule moja watenge vipindi viwili mfululizo. Waweke mezani chupa tatu. Ya kwanza iwe na maji na mafuta ya kupikia. Ya pili iwe na vitu hivyo hivyo pamoja na kiini cha yai. Ya tatu iwe na tui. Wanafunzi wazitikise zote kwa dakika moja, kisha wazitazame baada ya dakika tano, baada ya saa moja, na kesho yake. Kila wanachokiona wakiandike kwa Kiswahili, kwa sentensi kamili, na mwalimu wa Kiswahili asikubali neno "kuchanganyika" litumike kwa kila kitu. Ni nini kilichoelea? Ni nini kilichoungana? Ni ipi iliyokatika, na ni ipi iliyokataa kukatika? Baada ya hapo mwalimu wa kemia ataje majina ya Kiingereza na kuyaandika ubaoni mbele ya vitenzi ambavyo wanafunzi wameviandika wenyewe. Kwa darasa la juu aongeze habari za chembe na bijeli, ili wajue kwamba njia waliyoianza kwa kiini cha yai ina watu wanaoifuata hadi leo katika maabara za Edinburgh na Philadelphia.

Wanafunzi nao nawaomba jambo moja. Mnapokutana na ufafanuzi wowote kitabuni, kabla ya kuuhifadhi, jaribuni kuueleza kwa Kiswahili kwa mtu wa nyumbani ambaye hajausoma. Mkishindwa, tafuteni kwanza kama kilichokosekana ni jina au ni kitenzi. Ikiwa ni jina, likopeni mwendelee. Ikiwa mmekosa kitenzi, huenda jambo lenyewe bado hamjalielewa, na hapo ndipo pa kurudi kwa mwalimu na kuuliza tena.